Mzee Kisu na Neno la Jaladani

Kila asubuhi Mzee Kisu alinoa visu vitatu. Kimoja cha kupita kwenye mifupa, kimoja cha nyama, na kimoja chembamba cha kuondolea mafuta. Alifuta gogo la kukatia, akapangusa mizani, akavaa aproni yake nyeupe. Aproni hiyo ilikuwa imeacha kuwa nyeupe miaka mingi iliyopita. Kisha akafungua mlango wa bucha.

Wazazi wake walimpa jina, lakini mtaani hakuna aliyelitumia. Watu walimwita Mzee Kisu kwa sababu alijua kukata. Hakupiga nyama shoka ovyo ovyo kama wengine. Alitafuta kiungo kwa kidole gumba, akaingiza ncha ya kisu, na paja zima likaachia lenyewe. Mteja wake hakurudi nyumbani na vipande vya mfupa vya kumvunja meno.

Kazi aliiweza. Kilichomshinda ni Jumapili.

Kila Jumapili saa kumi jioni binti yake alimpigia simu. Binti huyo alikuwa mtoto wake wa pekee, na aliishi na mumewe nchi ya mbali sana. Huko kwao, saa hiyo ilikuwa asubuhi. Baba na binti walipeana habari, walicheka, walipeana pole. Halafu binti alimweka mjukuu kwenye simu, na hapo kicheko kiliisha.

Mjukuu alikuwa msichana wa miaka saba. Alikulia kwenye Kiingereza kitupu. Babu naye alikuwa na Kiingereza cha dukani: "Good morning." "One kilo." "Thank you." Akishayasema hayo, ghala limekwisha. Walibaki wakisikilizana pumzi.

"Anasema anakupenda, Baba," binti alitafsiri.

"Mwambie nami nampenda sana."

Maneno yalifika, ndiyo. Lakini yalifika yamepoa, kama chai iliyopitia kwa majirani wawili kabla ya kukufikia.

Mzee Kisu alikuwa amemshika mjukuu wake mara moja tu maishani. Mtoto alikuja na mama yake akiwa na miaka minne, akakaa wiki mbili. Kila asubuhi alikaa juu ya stuli ndefu pale buchani, akining'iniza miguu na kuimba nyimbo zisizoeleweka. Alipoondoka, stuli ilibaki palepale. Mzee hakuiondoa, ingawa ilimzuia njia.

Mwaka uliofuata binti alisema kwenye simu, "Hawezi kukumbuka, Baba. Alikuwa mdogo mno." Hakusema kwa ubaya. Lakini maneno hayo yalimkwama Mzee Kisu kooni kama mwiba wa samaki. Yeye alimkumbuka mtoto kila siku ya Mungu. Je, mtoto alimkumbuka yeye, hata kidogo? Hakuwahi kuthubutu kuuliza.

Siku moja bahasha ikafika. Ndani yake mlikuwa na kijitabu cha kurasa nane, kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Mlikuwa pia na barua fupi ya binti.

"Baba, mjukuu wako amekiandika mwenyewe shuleni. Mimi amenikataza kukifungua. Anataka umsomee wewe kwenye simu, siku atakapotimiza miaka minane. Zimebaki wiki sita. Nimemwambia Kiingereza kinakupa shida, hataki kusikia. Jitahidi tu."

Mzee Kisu alinawa mikono mara mbili kabla ya kukigusa. Kwenye jalada palikuwa na mchoro wa mtu mwenye masharubu makubwa, na juu yake maneno matatu. La kwanza lilikuwa "My", alilijua, maana yake "wangu". La tatu lilikuwa refu. La katikati lilikuwa refu kupita kiasi. Alihesabu herufi zake kwa ncha ya kidole. Zilikuwa kumi na tatu.

"Mtoto mdogo, neno kama treni ya mizigo," alinung'unika. Akaliruka, kama mtu anavyoruka dimbwi.

Jumapili ile hakuweza kungoja. Kusoma alijua, Kiswahili alikisoma vizuri tu. Akasema moyoni kwamba herufi ni herufi. Akafungua ukurasa wa kwanza na kuusoma kwenye simu kwa sauti kubwa.

"Mi grandifatheri isi a butcheri. He isi importanti."

Mtoto akamuuliza mama yake jambo.

"Anauliza nini?" alisema Mzee Kisu.

Binti alisita. "Anauliza… unasoma lugha gani, Baba."

Mzee Kisu alisikia miguu midogo ikiondoka mbio. Mlango ukafungwa huko mbali.

"Baba, usijali. Atarudi. Au unitajie mimi herufi moja moja, halafu nikutafsirie?"

"Hapana," alisema. "Mtoto ameniandikia mimi. Mwambie kitabu bado hakijaiva. Siku yake ikifika, kitakuwa tayari."

Alikata simu, akakaa muda mrefu akiitazama ile stuli. Alijionea aibu, lakini zaidi ya aibu alikuwa na hamu. Alitamani mara moja tu mtoto amsikie yeye mwenyewe, bila mtu katikati.

Kesho yake asubuhi alitandaza karatasi ya kufungia nyama juu ya gogo. Aliandika neno "important" kwa herufi kubwa. Kisha akachukua kisu chembamba na kulikata vipande vilivyolingana, herufi tatu tatu, kama anavyopima nyama ya wateja wasiopenda kupunjwa.

"Mzee Kisu! Leo unauza karatasi?"

Aliyesema hivyo alikuwa Bi Chapa, jirani wa nyumba ya tatu. Alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha kuchapa vitabu kwa miaka thelathini, mpaka kiwanda kilipofungwa. Kila Jumatatu alinunua nusu kilo ya maini, na kila Jumatatu aliyalalamikia.

Mzee alitaka kuificha karatasi, lakini ilikuwa imeshaonekana. Akaeleza yote: kitabu, simu, miguu midogo iliyokimbia. Bi Chapa alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akainama juu ya gogo.

"Nitakwambia ukweli," alisema. "Hili neno hujalikata. Umeliua."

"Vipande viko sawa, lakini."

"Ndilo kosa lenyewe. Wewe ukikata paja, unapima kwa rula?"

"Paja halipimwi! Unatafuta kiungo."

"Haya. Na neno lina viungo vyake. Mimi nilikuwa nalipwa kuvijua. Mstari ukijaa na neno halijaisha, nani anaamua likatwe wapi? Mimi. Ukikata pabaya, msahihishaji anakurudishia ukurasa mbele ya wenzako. Nilivunja maneno miaka thelathini, Kiswahili na Kiingereza." Akavigusa vile vipande vya karatasi. "Siku hizi mashine zinajivunjia zenyewe. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna mtu aliyeniuliza neno linakatwa wapi."

"Mimi nakuuliza," alisema Mzee Kisu.

Bi Chapa alivuta stuli ndefu. Mzee alifungua mdomo kumzuia, kisha akaufunga. Bibi akakaa.

"Weka kiganja chini ya kidevu. Sema 'karatasi', polepole."

"Ka-ra-ta-si."

"Kidevu kimegonga kiganja mara ngapi?"

"Nne."

"Basi neno hilo lina silabi nne. Silabi ni kipande kimoja cha sauti, kila kidevu kinaposhuka. Sasa sikiliza. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu: ka, ra, ta, si. Ziko wazi kama mlango wa mchana. Silabi za Kiingereza mara nyingi hufungwa na konsonanti. Im. Por. Tant. Ukifika kwenye mlango uliofungwa, simama. Usiubomoe kwa kuongeza 'i'."

"Im-por-tant," alisema Mzee Kisu. Kidevu kiligonga mara tatu. "Maana yake?"

"Muhimu. Mjukuu wako anasema babu yake ni mtu muhimu. Sijui alikuona lini ukiwa muhimu." Akacheka. "Again!"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Tena. Rudia. Bosi wetu kiwandani alikuwa anatupigia kelele hivyo kutwa nzima. Again!"

Mzee akarudia. Mteja aliyekuja kununua mbavu alimkuta ameshika kidevu, akamwuliza kama jino linamuuma.

Tangu siku hiyo Bi Chapa alikuja kila alasiri, wateja wanapopungua. Walichukua ukurasa mmoja kwa siku mbili au tatu. Mzee aliandika kila neno refu kwenye karatasi ya nyama, akalikata kwenye viungo, na kutundika vipande kwenye ndoano ndogo ukutani.

Alijifunza kwamba konsonanti mbili zikikutana katikati ya neno, mara nyingi kisu hupita kati yake: "won-der". Alijifunza pia kwamba herufi nyingine ni mapacha wasiotenganishwa. Herufi "th" katika "father" ni sauti moja. Herufi "tch" katika "butcher", yaani mwuza nyama, nazo huishia kwenye sauti moja, "ch". "Hapo ni mfupa," alisema Bi Chapa. "Ukipitisha kisu, kinavunjika."

Kilichomtesa zaidi ni uzito. Mzee alizipa silabi zote nguvu sawa. Mkono wake ulikuwa umezoea mizani.

"Won! Der! Ful!" alisema, akipiga gogo mara tatu.

"Unagombana na nani?" aliuliza Bi Chapa. "Hapa mizani iache. Katika kila neno refu, silabi moja ndiyo nzito. Ivute, ipandishe sauti. Nyingine zipitie haraka, karibu uzimeze. WON-der-ful."

"Kumbe kama sisi. Ka-ra-TA-si."

"Kama sisi, lakini si kama sisi. Uzito wetu una nyumba: silabi ya pili kutoka mwisho. Ukilala ukiamka uko pale. Uzito wa Kiingereza ni mpangaji, anahama. WON-der-ful, yuko mwanzoni. Im-POR-tant, katikati. Ukijifunza neno jipya, jifunze na uzito wake siku hiyohiyo."

"Kazi kweli kweli."

"Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi," alisema Bi Chapa, na kumsema mwuza nyama kwa methali hiyo kulimfurahisha mwenyewe kuliko maini.

Wiki ya tatu mzee alikata tamaa. Alikuwa amesoma ukurasa wa nne mara ishirini na bado ulimi ulijikwaa. Alivitoa vipande vyote kwenye ndoano, akavikunja mkononi.

"Niache, Bi Chapa. Mtu wa umri wangu kung'ang'ania Kiingereza! Na haya yaliyoandikwa ni ya kuambiwa na mama yake. Babu ana bucha, babu ana masharubu. Mtoto hanijui. Hata nikisoma kama malkia wa Uingereza, namsomea mtoto asiyenijua."

Alikuwa hajawahi kumwambia mtu maneno hayo. Bi Chapa hakumjibu kwa mzaha. Alikichukua kijitabu, akakifungua ukurasa wa mwisho, akasoma kimya. Kisha akatazama jalada. Akakifunga taratibu na kumrudishia.

"Kurasa saba nitakufundisha," alisema. "Ukurasa wa nane na jalada ni vyako peke yako. Mtoto hakumwandikia Bi Chapa."

"Kuna nini?"

"Usisahau kuniwekea maini mazuri ya Jumatatu. Don't forget. Maana yake ndiyo hiyo, usisahau. For-GET ni kusahau, uzito mwishoni. Na leo tunaanza sehemu za neno. Jipe moyo, mzee mwenzangu."

Akamgeuza, akasoma lebo iliyoshonwa shingoni mwa aproni.

"'Washable'. 'Wash' ni kufua. Mkia huu, 'able', maana yake jambo linawezekana. Yaani inafulika."

"Inafulika?"

Bi Chapa aliitazama ile aproni. "Lebo ndiyo inasema hivyo. Mimi sina ushahidi."

Mzee Kisu alicheka mpaka akashika gogo. Akavirudisha vipande kwenye ndoano.

Akajifunza kwamba maneno mengi marefu yana kiini katikati, na huongezewa kitu mbele au nyuma. Mkia "ful" huonyesha kujaa: "wonderful" ni yenye kujaa maajabu. Kichwa "un" hukanusha: "happy" ni mwenye furaha, "unhappy" ni asiye na furaha. Pengine kwenye maungio herufi hurudiwa, kama kitambaa kinavyokunjwa mara mbili penye mshono.

"Na usishangae," alisema Bi Chapa. "Wewe mwenyewe unasema 'hawatatusumbua' bila hata kujikuna. Ndani yake mna 'si wao', mna wakati ujao, mna 'sisi', mna kusumbua. Vyaelea vimeundwa."

Watu wakaanza kuingia buchani si kwa nyama tu. Fundi baiskeli alileta karatasi ya vipuri yenye neno "information". Bi Chapa alimwonyesha kwamba mkia "tion" husomwa "shen", na silabi inayoutangulia ndiyo nzito: in-for-MA-tion, maelezo. Fundi alitoka akilisema njia nzima. Mama mmoja alifika nyumbani akakuta nyama yake imefungwa kwa kipande kilichoandikwa "ful". Akakirudisha kesho yake, akasema huenda kina mwenyewe.

Kila alipoondoka, Bi Chapa aliaga vilevile: "Don't forget, Mzee Kisu." Jumamosi ya mwisho aliaga hivyo, akaweka juu ya gogo kamusi yake ndogo ya kiwandani, akaenda zake.

Mzee Kisu alifunga bucha mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akafungua ukurasa wa nane. Mchoro wake ulikuwa wa kitu cha kahawia chenye miguu minne. Siku zote alidhani ni meza.

Akashika kidevu. "A vis-i-tor came every day." Akatafuta kwenye kamusi, neno kwa neno. Mgeni alikuja kila siku. "He had one ear." Alikuwa na sikio moja.

Mzee Kisu aliacha kusoma. Akautazama tena ule mchoro.

Haikuwa meza. Alikuwa mbwa. Mbwa wa mtaani mwenye sikio moja, aliyekuja nyuma ya bucha kila asubuhi kwa wiki zile mbili. Binti yake alikataza kabisa mtoto asikaribie mbwa. Lakini kila asubuhi babu alifunga mfupa kwenye karatasi kama zawadi, mtoto akaurusha dirishani, na babu akaweka kidole mdomoni. Hakumwambia mtu yeyote. Hata binti yake hakujua.

Mstari wa mwisho ulisema: "Mama does not know." Mama hajui.

Kwa hiyo hili hakuambiwa na mtu. Hili alilikumbuka mwenyewe.

Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa mkono wa shati. Kisha akageuza kijitabu kwenye jalada. Sasa alikuwa na jambo moja tu la kufanya.

Aliliandika lile neno la herufi kumi na tatu kwenye karatasi safi. Alilitafuta kwenye kamusi, hakuliona. Kamusi ilikuwa ndogo mno. Basi akachukua kisu chembamba, akapapasa kwa kidole gumba kama anavyopapasa nyama. Mbele kulikuwa na "un". Akakata. Nyuma kulikuwa na "able". Akakata. Katikati palibaki "forget", na "t" moja ya ziada pale penye mshono.

Forget. Kusahau. Able, inawezekana. Un, hapana.

Asiyeweza kusahaulika.

Alikaa kwenye stuli ndefu ya mtoto na vipande vitatu mapajani. "Wangu, asiyesahaulika, babu," alisema polepole. Miaka mitatu alikuwa ameogopa kuuliza swali, na jibu lilikuwa jaladani wiki sita, likimngoja ajue kulikata.

Kesho yake saa kumi simu ililia.

"Baba," alisema binti, "yuko hapa, ameshika simu kwa mikono miwili. Kweli uko tayari?"

"Kaa pembeni, mwanangu," alisema Mzee Kisu. Akavuta pumzi. "My un-for-GET-ta-ble GRAND-fa-ther."

Huko mbali mtu mdogo alishusha pumzi.

Akasoma. Hakusoma kama malkia. Alijikwaa ukurasa wa pili, akarudi, akaendelea. Uzito wa "wonderful" ulikaa mwanzoni, na wa "important" katikati. Mtoto hakuondoka. Ukurasa wa nane babu alipunguza sauti, kama watu wanaoshirikiana siri. Alipofika kwenye sikio moja, mtoto aliangua kicheko, na babu akacheka naye, wote wawili pamoja, kwa wakati mmoja.

"Mgeni gani mwenye sikio moja?" aliuliza binti. "Jamani, mnacheka nini? Nani atanieleza?"

Mzee Kisu aliweka kidole mdomoni, ingawa hakuna aliyemwona.

"Again, Babu," alisema mtoto.

"Baba, anasema hivi…"

"Nimesikia, mwanangu. Hili usinitafsirie."

Mzee Kisu akarudi kwenye jalada, akapangusa miwani, akaanza upya na lile neno refu.